Bakapu Ikikwama, Isome Kabla ya Kuianzisha Upya

Mwongozo kwa makarani, wahasibu, walimu na wahudumu wa ofisi ndogo za Nachingwea na Ruangwa

"Fundi, imegoma tena."

Simu za namna hii hunijia zaidi kati ya Oktoba na Desemba, korosho zinapomiminika maghalani na makarani wa vyama vya msingi wanapokesha na mahesabu. Mwaka mmoja alinipigia karani wa chama upande wa Nachingwea. Nilipofika asubuhi nilikuta laptopu iko wazi mezani, pembeni rundo la stakabadhi limekandamizwa kwa jiwe ili feni isizipeperushe, na kioo kinasomeka asilimia 63.

"Imekaa hapo tangu saa nne usiku," akaniambia. "Nimeizima nikaiwasha mara tatu, kaka. Ikifika hapo hapo inakaa."

Nikamuuliza, "Mara zote tatu ilisimama kwenye faili lile lile?" Hakujua. Kila ilipokwama alifunga dirisha na kuanza upya kabla hajasoma kilichoandikwa. Tukaianzisha mara ya nne, safari hii tukakaa na kuiangalia. Ilisimama kwenye faili moja la mahesabu, na faili hilo lilikuwa limefunguliwa kwenye kompyuta ya mhasibu, chumba cha pili. Tukalifunga. Dakika ishirini baadaye kazi ikaisha. Usingizi wa usiku mzima na bando lote vilikuwa vimekwenda kwa sababu ya faili moja lililoachwa wazi.

Tangu siku hiyo nawaambia wote ninaowahudumia neno moja: bakapu iliyokwama imeshakwambia ugonjwa wake kwa mahali iliposimama. Ukiizima bila kusoma, umefuta maelezo ya mgonjwa.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayetuma nakala za mafaili ya ofisi kwenda kompyuta nyingine kupitia VPN au SSH, tuseme kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, na mara kwa mara unakuta zimekwama njiani. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji daftari, kalamu na subira ya dakika tano.

KWA NINI UJISUMBUE

Katika wilaya zetu, kompyuta ya chama cha msingi hubeba jina la mkulima wa Mnero au Mbekenyera, kilo alizofikisha ghalani, na akaunti ya benki atakayolipiwa baada ya mnada. Chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinakusanya mazao ya wakulima wengi kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani. Daftari la chama kimoja likipotea, kuna watu watakaosubiri malipo huku ofisi ikianza kukusanya karatasi upya. Zahanati yenye rekodi za wagonjwa na shule yenye alama za wanafunzi ziko katika hali hiyo hiyo.

Na usiitegemee njia moja tu. Mei 2024 ilitufundisha. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi upande wa Kilwa. Tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikakatika, na mtandao ukayumba nchi nzima. Katika siku chache, aliyetegemea kupeleka diski kwa basi alikwama, na aliyetegemea seva za ng'ambo naye akakwama. Ofisi mbili za hapa hapa zinazotunziana nakala, moja Nachingwea na nyingine Ruangwa, zina nafuu katika siku kama hizo.

KIKASHA: MANENO TUTAKAYOYATUMIA
• Bakapu: nakala rudufu ya mafaili yako, iliyowekwa mahali pengine.
• VPN: njia iliyofungwa kwa msimbo kati ya kompyuta mbili, ili mtu wa katikati asiweze kusoma kinachopita.
• SSH: njia nyingine salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali na kuhamisha mafaili.
• Pakiti: kifurushi kidogo cha data. Faili hukatwakatwa kuwa pakiti nyingi, zikasafiri, zikaunganishwa upya zinakokwenda.
• Ripoti: maandishi ambayo programu ya bakapu huacha ikieleza imefanya nini. Mafundi huiita logi.

DAKIKA TANO ZA KWANZA: USIGUSE, ANDIKA

1. Usizime chochote. Chukua daftari, andika tarehe na saa.
2. Andika jina la faili linaloonekana kiooni au mwishoni mwa ripoti.
3. Andika ilianza saa ngapi na ilisimama saa ngapi.
4. Angalia taa za ruta au modemu. Zinawaka? Umeme ulikatika usiku?
5. Angalia salio la bando.
6. Angalia nafasi iliyobaki kwenye diski yako na kwenye diski inayopokea.
7. Angalia saa na tarehe ya kompyuta. Ni sahihi?

Fanya hivyo kwa mikwamo miwili au mitatu, kisha linganisha ulichoandika.

KIKASHA: DALILI NA PA KUANZIA
• Inasimama kwenye faili lile lile → nenda Sehemu ya B.
• Inasimama baada ya muda ule ule, au saa ile ile ya usiku → Sehemu ya C.
• Mafaili madogo yanapita, makubwa yanaganda → Sehemu ya D.
• Inasimama ovyo, leo hapa kesho pale → Sehemu ya E.
• Haianzi kabisa → Sehemu ya F.
• Namba zinasogea, ila polepole → Sehemu ya A.

SEHEMU YA A: HAKIKISHA IMEKWAMA KWELI

Mara nyingi naitwa kutibu bakapu ambayo ni nzima, isipokuwa imebebeshwa mzigo kuliko uwezo wa njia. Kasi ya kupakia kwenye intaneti ya simu kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kupakua. Video inaweza kutiririka vizuri huku faili lako likijikokota kwenda nje.

Piga hesabu mwenyewe. Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Ukiwa na GB 10 na kasi ya kupakia ya megabiti 1 kwa sekunde, unahitaji sekunde 80,000, yaani zaidi ya saa 22. Usiku wa saa 10 utapitisha takriban GB 4.5 tu, na hapo hakuna umeme uliokatika.

Cha kufanya:

1. Pima kasi ya kupakia wakati ule ule bakapu inapofanya kazi, kwa sababu kasi ya mchana na ya usiku hazifanani.
2. Gawanya mzigo. Tenga mafaili ya lazima (mahesabu, orodha ya wanachama, mikataba) na yanayoweza kusubiri (picha za mikutano, video).
3. Mzigo wa kwanza, ambao ndio mkubwa kuliko yote, upeleke kwa diski ya nje iliyofungwa kwa nenosiri. Ipande gari pamoja na mtu unayemwamini mpaka Ruangwa. Baada ya hapo, kila usiku tuma kupitia VPN yale tu yaliyobadilika. Haba na haba hujaza kibaba, na bando lako halitaisha katikati ya mwezi.

ONYO: Diski isiyofungwa kwa nenosiri usimpe bodaboda, wala usiiache kwa wakala wa basi. Tumia BitLocker kama toleo lako la Windows linayo, au VeraCrypt, ambayo haina malipo. Nenosiri lisisafiri pamoja na diski.

SEHEMU YA B: INAKWAMA KWENYE FAILI LILE LILE

Hapa kwa kawaida mtandao hauna kosa. Chunguza faili au diski, kwa mpangilio huu.

1. Je, faili limefunguliwa? Faili la Excel, la programu ya mahesabu au la barua pepe likiwa wazi, mara nyingi halinakiliki. Funga programu zote ofisini kabla ya kuondoka, au panga bakapu saa ambayo hakuna anayefanya kazi.

2. Je, faili linazidi GB 4? Flashi nyingi na baadhi ya diski za nje hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4 hata kama diski ina nafasi ya GB 500. Mpangilio unaofaa ni exFAT au NTFS. Kumbuka: kubadilisha mpangilio kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo hamisha kwanza.

3. Je, jina la faili ni refu mno au lina alama zisizokubalika? Folda ndani ya folda, mara kumi, zenye majina ya sentensi nzima, huishinda Windows. Fupisha.

4. Je, antivirasi imelishika? Faili likiwa ni kifurushi kikubwa kilichobanwa, antivirasi hulikagua lote kabla ya kuliachia. Ipe muda. Likiendelea kuganda, liweke peke yake na ulikague.

5. Je, diski inaumwa? Jaribu kulinakili faili hilo kwa mkono kwenda folda nyingine ya kompyuta hiyo hiyo. Likiganda hata hapo, au ukisikia diski ikigonga tik-tik-tik, acha kila kitu. Diski inakufa. Okoa kwanza mafaili muhimu kuliko yote, moja moja, halafu mwite fundi.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi wanaotumia Windows. Programu ya robocopy, ambayo imo ndani ya Windows, usipoiwekea mipaka hulijaribu faili lililogoma mara milioni 1, na kati ya jaribio na jaribio husubiri sekunde 30. Hizo ni siku 347. Kwa macho yako imekufa, kumbe inasubiri kwa utiifu karibu mwaka mzima. Iwekee mipaka hivi:

robocopy D:\Mahesabu \\10.8.0.1\Bakapu /E /Z /R:3 /W:10 /LOG+:C:\Ripoti\bakapu.txt

Hapo /R:3 inasema jaribu mara tatu tu, /W:10 subiri sekunde kumi, /Z endelea na faili pale ulipoishia mtandao ukikatika, na /LOG+ andika ripoti bila kufuta ya jana. Badilisha majina ya folda na anwani yawe ya kwako.

SEHEMU YA C: INAKWAMA KWA MUDA ULE ULE

Ikisimama baada ya dakika 30 kila siku, au saa sita usiku kila siku, kuna kitu kinachofuata ratiba.

1. Kompyuta inalala. Windows huilaza laptopu isiyoguswa. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

powercfg /change standby-timeout-ac 0

Hii inaizuia kulala ikiwa kwenye umeme. Angalia pia mpangilio wa kifuniko: ukikifunga isilale.

2. Bando linabadilika. Kifurushi cha usiku kina saa zake, na vifurushi vingine hupunguza kasi baada ya kiasi fulani. Panga bakapu ianze baada ya kifurushi kuanza, na iishe kabla hakijaisha.

3. Umeme. Laptopu ina betri, ruta haina. Umeme ukikatika dakika mbili, laptopu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, huku ruta imezimika na njia imekufa. Weka UPS ndogo, yaani betri ya akiba, kwa ajili ya ruta. Nikilazimika kuchagua kifaa kimoja cha kununulia ofisi kabla ya msimu, nitachagua hicho.

4. Njia iliyonyamaza husahaulika. Mitambo ya mitandao ya simu hukumbuka mawasiliano yanayoendelea, na kuyafuta yaliyonyamaza. Programu yako inapohesabu maelfu ya mafaili kabla ya kutuma, kunakuwa na ukimya wa dakika kadhaa, na inapokuja kutuma inakuta mlango umefungwa. Dawa ni kutuma salamu ndogo mara kwa mara:

• Kwenye WireGuard, mojawapo ya programu za VPN, upande ulio kwenye intaneti ya simu, chini ya [Peer] ongeza: PersistentKeepalive = 25
• Kwenye SSH, ndani ya faili la mipangilio, ongeza: ServerAliveInterval 30

Namba hizo ni sekunde. Ni salamu nyepesi, haitamaliza bando.

5. Anwani imebadilika. Ruta ya upande wa pili ikizimika na kuwaka, inaweza kupewa anwani mpya. WireGuard hulitafuta jina la seva mara moja tu inapowashwa, baada ya hapo inaishikilia anwani ile ile ya zamani. Zima njia ya VPN, iwashe tena. Ikitokea mara kwa mara, omba anwani ya kudumu kwa mtoa huduma wako.

SEHEMU YA D: MADOGO YANAPITA, MAKUBWA YANAGANDA

Tatizo hili ndilo linalowachosha watu kuliko yote, kwa sababu kila kitu kinaonekana kizima. VPN imeunganika. Unaona folda za Ruangwa. Faili la kurasa mbili linakwenda. Ukituma la MB 200, kimya.

Elewa kwanza sababu. Chukulia pakiti ni gunia la korosho, na mlango wa ghala una upana wake. VPN inalichukua gunia lako na kulitia ndani ya gunia lingine, ikalishona na kulitia lakiri. Usalama umepatikana, lakini gunia limenenepa. Magunia madogo yanapita mlangoni. Lililojaa pomoni linakwama, na mara nyingi hakuna anayekuja kukuambia limekwama. Mtumaji anaendelea kusubiri.

Kwa namba: njia nyingi za intaneti hupitisha pakiti ya baiti 1500. WireGuard huongeza baiti 60 hadi 80 za kufungia, ndiyo maana yenyewe huanza na pakiti za baiti 1420. Lakini baadhi ya njia hazifikishi hata 1500, na hapo 1420 nayo inakuwa kubwa. Kipimo hiki mafundi hukiita MTU.

Jinsi ya kupima kwa Windows, VPN ikiwa imewashwa:

1. Kwenye dirisha la amri andika: ping -f -l 1392 10.8.0.1 (weka anwani ya VPN ya kompyuta ya mbali).
2. Likija jibu, mlango unatosha. Tatizo lako si hili.
3. Lisipokuja, jaribu ping ya kawaida: ping 10.8.0.1. Ikijibu hiyo ndogo na kukataa ile kubwa, umekipata chanzo. Zisipojibu zote mbili, huenda kompyuta ya mbali inazuia ping, iruhusu kwanza.
4. Punguza namba kwa 20: 1372, 1352, 1332, mpaka jibu lije.
5. Namba iliyopata jibu jumlisha 28. Ikipita 1332, MTU yako ni 1360.
6. Fungua mipangilio ya WireGuard, chini ya [Interface] andika MTU = 1360. Fanya hivyo pande zote mbili. Zima na uwashe njia.

Huna muda wa kupima? Weka 1280 pande zote mbili. Ni ndogo kiasi cha kupita karibu kila mahali, na hasara yake katika kasi ni ndogo.

Halafu jaribu na faili moja la MB 50 kabla ya kuachia mzigo mzima. Wazee wa Nachingwea wanaukumbuka mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947: mashamba yalisafishwa kwa matrekta na reli ikajengwa kabla ardhi na mvua havijapimwa ipasavyo, na 1951 mradi ukafungwa. Jaribio dogo kwanza, mzigo baadaye.

SEHEMU YA E: INAKWAMA OVYO OVYO

Leo faili la kumi, kesho la mia mbili. Hapo njia yenyewe inapoteza pakiti.

1. Pima kwa ping 100: ping -n 100 10.8.0.1. Mwishoni utaonyeshwa asilimia iliyopotea. Sufuri ni afya. Ikianza kupotea mbili, tatu kwa mia, mafaili makubwa yatasumbuka.
2. Isogeze modemu karibu na dirisha, juu, mbali na bati na kabati la chuma. Pima tena. Nimeona modemu ikihamishwa kutoka mvunguni mwa meza hadi kizingiti cha dirisha, na mikwamo ikaisha siku hiyo hiyo.
3. Unganisha laptopu na ruta kwa kebo badala ya Wi-Fi, angalau wakati wa bakapu.
4. Jaribu laini ya mtandao mwingine kwenye kifaa hicho hicho. Mtandao ulio imara Ruangwa mjini unaweza kuwa dhaifu Ruponda.
5. Tumia programu inayokumbuka ilipoishia. Kwenye Linux, rsync hufanya hivyo vizuri:

rsync -av --partial --timeout=120 --bwlimit=100 /mahesabu/ bakapu@10.8.0.1:/hifadhi/

Neno --partial hutunza kipande kilichokwishafika ili safari ijayo kisitumwe upya. --timeout=120 huifanya ikiri kushindwa baada ya dakika mbili za ukimya badala ya kuganda hadi asubuhi. --bwlimit=100 huibana isizidi takriban kilobaiti 100 kwa sekunde, ili wenzako ofisini nao wapate mtandao.

SEHEMU YA F: HAIANZI KABISA

1. Saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani, aina ya CR2032 kwenye kompyuta nyingi za mezani, ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inaamka ikidhani iko miaka ya nyuma. Njia salama huangalia saa. Cheti halali kitaonekana hakijaanza kutumika, na seva ya WireGuard itakataa kompyuta ambayo saa yake imerudi nyuma, ikidhani kuna mtu anarudia ujumbe wa zamani. Rekebisha saa, kisha nunua betri mpya.

2. Swali lililojificha. Bakapu inayojiendesha usiku inaweza kuwa imesimama ikikuuliza neno la siri, au "unaitambua kompyuta hii?", kwenye dirisha usiloliona. Iendeshe mara moja kwa mkono mchana na ujibu maswali yake. Kwa SSH, chaguo la BatchMode yes huifanya iseme imeshindwa badala ya kusubiri jibu gizani. Lakini kompyuta ya mbali ikisema ufunguo wake umebadilika, usikubali haraka. Mpigie mhusika, umuulize kama amebadilisha kompyuta.

3. Pande zote mbili ziko kwenye intaneti ya simu. Laini za kawaida za simu hazina anwani ya umma inayofikika kutoka nje, kwa hiyo kompyuta mbili za namna hiyo hazitaonana zenyewe. Upande mmoja uwe na anwani ya umma kutoka kwa mtoa huduma, au muwe na seva ya katikati.

4. Diski ya mpokeaji imejaa. Piga simu, waulize. Ni swali la sekunde kumi ambalo huwa tunalisahau.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MSIMU

• Kuanzisha bakapu ya pili wakati ya kwanza bado inaendelea. Zinagombania mafaili na bando, zinakwama zote.
• Kuzima VPN "ili iende haraka". Ukifanya hivyo, majina na akaunti za wakulima zinaweza kupita mikononi mwa wasiohusika.
• Kutuma orodha za wanachama kwenye kundi la WhatsApp kama mbadala wa bakapu. Kila simu iliyomo kwenye kundi inabaki na nakala.
• Kutumia /MIR ya robocopy au --delete ya rsync bila kuelewa. Amri hizo hufuta upande wa pili kila ambacho hakipo upande wako. Ukifuta folda kwa bahati mbaya jioni, usiku bakapu nayo inaifuta.
• Kubadilisha vitu vitano kwa pamoja. Ikipona hutajua kilichoiponya. Badilisha kimoja, jaribu, andika.
• Kutunza nakala mbili kwenye meza moja. Mwizi mmoja au radi moja inaondoka na zote. Ziwe nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo.

KIKASHA: UPANDE WA SHERIA
• Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitangaza kuwa watu na kampuni wanaotumia VPN katika shughuli zao watoe taarifa zao kwa Mamlaka. Kama ofisi yako ina VPN, hakikisha mwenye dhamana amelikamilisha hilo.
• Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Nakala ya bakapu nayo ni taarifa za watu. Isimamie kama daftari lenyewe.

ORODHA YA UKAGUZI: IBANDIKE UKUTANI

Kila jioni kabla ya kuondoka
☐ Programu zote za mahesabu zimefungwa
☐ Laptopu iko kwenye umeme
☐ Ruta iko kwenye UPS, taa zinawaka
☐ Bando linatosha

Kila asubuhi
☐ Nimesoma mwisho wa ripoti
☐ Nimeandika daftarini: imeisha, au imekwama kwenye faili gani, saa ngapi

Kila mwezi
☐ Nimeangalia nafasi kwenye diski zote mbili
☐ Nimeangalia saa ya kompyuta
☐ Nimerudisha mafaili matatu kutoka kwenye bakapu, nikayafungua, nikayasoma

Hilo la mwisho usiliruke. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya kompyuta huoza kimya kimya: faili linafika nusu, nenosiri linasahaulika, diski inachakaa kabatini. Chagua mafaili matatu, moja la juzi, moja la mwezi uliopita, moja la msimu uliopita. Yarudishe kwenye folda mpya, usiyaweke juu ya yale ya sasa. Yafungue. Jumla ya kilo inalingana na ya stakabadhi? Basi una bakapu.

Yule karani wa asilimia 63 alinipigia tena msimu wa ufuta uliofuata. Safari hii hakusema imegoma. Alisema, "Kaka, imekaa kwenye faili la ufuta, faili lile lile jana na leo, nikilinakili kwa mkono linaganda, na diski inagonga." Sikuhitaji kupanda pikipiki. Nilimwambia asiizime, aokoe kwanza orodha ya wanachama na mahesabu ya msimu, faili moja moja. Alimaliza kabla ya saa sita mchana. Diski ilikufa jioni ile, ikiwa haina tena kitu cha kupoteza.

Daftari lake bado liko mezani, mahali pale pale palipokuwa na jiwe. Nunua la kwako leo, na ukurasa wa kwanza uandike tarehe.